Miwani nafuu: Safari ya kuifikisha Ngoingwa yagharimu kuliko lenzi yenyewe

FUNDI wa cherehani huanza kuushuku uzi kabla ya kuyashuku macho yake. Uzi unakataa kupenya tundu la sindano. Anaulowesha kwa mate, anaukata upya, anasogea mlangoni penye mwanga, na hatimaye anamwita mtoto wa jirani amtilie. Baada ya miezi kadhaa anaanza kukataa nguo zenye darizi, kisha zile za rangi nyeusi, kisha anafunga kazi jua linapoinama ilhali zamani alishona hadi usiku. Mapato yanapungua, naye huwaambia watu kwamba biashara imekuwa mbaya.

Katika mtaa wa Ngoingwa, unaopakana na mji wa Thika upande wa barabara ya kuelekea Mang'u, watu wenye kazi za aina hiyo si haba. Majumba ya kupangisha yameongezeka huko mwaka baada ya mwaka, na katika vibanda vilivyo chini yake wamo mafundi wa nguo, wa viatu, wa simu na wa redio, wasusi wa nywele, wauzaji wa dawa za mifugo na mawakala wa M-Pesa. Wengine huamkia kwenye viwanda vya Thika, katika mashamba ya mananasi au kwenye kahawa, ambako tunda bivu hutengwa na bichi kwa jicho na kidole. Ng'ambo ya pili ya mji kuna Kiandutu, kitongoji ambacho wakazi wake wengi hutegemea vibarua vya siku. Kazi hizi zote zina jambo moja linalofanana: hufanywa umbali wa mkono kutoka usoni.

Thika inajulikana nchini kote kwa shule zake za wasioona, ambazo chimbuko lake ni kituo kilichoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mji huo umewafunza wengi kusoma kwa vidole. Lakini katika mji huo huo, na katika kaunti nzima ya Kiambu ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 2,417,735, kuna kundi kubwa zaidi ambalo halihitaji kujifunza nukta za breli, halihitaji upasuaji, wala halihitaji dawa. Linahitaji miwani tu.

Ndilo kundi ambalo katika miaka 20 hivi iliyopita limevutia aina mpya ya wafanyabiashara: mashirika yanayouza miwani kwa bei ya chini kwa watu wa kipato kidogo, na ambayo hupenda kujiita biashara za kijamii. Baadhi yanafanya kazi nchini Kenya. Kuelewa yanachofanya, na yasichoweza kufanya, kunahitaji kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya jicho.

Nyuma ya mboni mna lenzi ya maumbile. Utotoni lenzi hiyo ni laini, na msuli mdogo unaoizunguka huibadilisha umbo kila mtu anapohamisha macho kutoka mbali hadi karibu. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hukakamaa. Msuli unafanya kazi yake lakini lenzi haitii. Kufikia umri wa miaka 40 au muda mfupi baadaye, maandishi madogo huanza kucheza. Mtu huyasogeza mbali, na mbali zaidi, mpaka mkono unaisha. Huu si ugonjwa. Humpata tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma, na hakuna chakula wala zoezi linalouzuia.

Dawa yake ni lenzi ya kioo au plastiki yenye nguvu ndogo, kwa kawaida kati ya 1.00 na 3.50. Kwa kuwa macho yote mawili huzeeka kwa pamoja, watu wengi wa aina hii wanaweza kutumia miwani iliyotengenezwa tayari, yenye lenzi mbili zilizo sawa. Haihitaji maabara ya kuchonga lenzi. Mtu aliyefunzwa kwa siku chache anaweza kuipima kwa kadi ya maandishi na kamba ya kupimia umbali.

Tatizo la pili ni tofauti. Kuna macho ambayo tangu utotoni ni marefu au mafupi kuliko inavyostahili, au ambayo sehemu yake ya mbele haina mviringo sawa. Mwenye jicho refu haoni ubao darasani wala nambari ya matatu mpaka lifike karibu. Huyu anahitaji kupimwa kila jicho peke yake, na lenzi zake huchongwa kwa kipimo chake. Hapa ndipo gharama hupanda, na hapa ndipo mashirika mengi ya miwani nafuu huanza kuchechemea. Tutarejea jambo hilo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kufikia 2015 watu bilioni 1.8 duniani walikuwa na tatizo la kwanza, lile la umri, na kwamba milioni 826 kati yao hawakuwa na miwani iliyowafaa. Ripoti ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu uoni, iliyotolewa Oktoba 2019, iliweka hesabu ya jumla kuwa watu bilioni 2.2 wenye kasoro ya kuona, angalau bilioni 1 kati yao wakiwa na kasoro ambayo ingezuilika au bado haijashughulikiwa. Kwa Afrika Mashariki, Magharibi na Kati, shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wasioona vyema karibu hawajapata msaada.

Kwa nini, ikiwa dawa ni rahisi hivyo?

Jibu la haraka ni bei, na si uongo. Katika maduka ya miwani ya Thika na Nairobi, jozi kamili yenye fremu na lenzi za kuchongwa huuzwa kwa maelfu ya shilingi, fedha ambazo kwa kibarua ni ujira wa siku nyingi. Lakini bei ya dukani hueleza machache kuhusu gharama ya kitu chenyewe. Miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, ikinunuliwa kwa wingi kutoka viwanda vya Asia, hupatikana kwa chini ya dola 1. Tofauti kati ya dola hiyo na kiasi anachoombwa mteja imesheheni kodi ya duka, mshahara wa mpimaji, faida ya waagizaji na, kwa fremu zenye majina makubwa, gharama ya jina.

Hata hivyo, kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mkazi wa Ngoingwa anayetaka kupimwa katika hospitali ya umma huenda Thika Level 5. Akipendelea hospitali ya Kikuyu, ambayo imejijengea sifa kwa tiba ya macho na ambayo imo katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, njia ya kawaida humpitisha Nairobi kwanza. Akitumia siku moja kupimwa na nyingine kuchukua miwani, basi siku mbili za kazi zimepotea, pamoja na nauli. Mtu asiyejua kwamba tatizo lake lina jina, na ambaye hajawahi kumwona fundi mwenzake akivaa miwani, hawezi kulaumiwa kwa kutoanza safari hiyo.

Hapo ndipo lilipo kiini cha biashara hii. Anayetaka kumuuzia fundi wa Ngoingwa miwani nafuu hapaswi kwanza kuuliza jinsi ya kuitengeneza kwa bei ya chini. Anapaswa kuuliza ni nani atakayelipia mwendo: mwendo wa mpimaji hadi kibandani, au wa fundi hadi kwa mpimaji.

Shirika la VisionSpring la Marekani lilikuwa miongoni mwa yaliyojaribu kulijibu swali hilo mapema. Lilianzishwa mwaka 2001 likiitwa Scojo Foundation, na mmoja wa waanzilishi wake, Jordan Kassalow, ni mtaalamu wa macho wa New York. Wazo la awali lilikuwa kumpa mwanamke wa kijijini mkoba wenye kadi za kupimia na jozi za miwani, auze kwa majirani na kubaki na sehemu ya faida. Lilikuwa wazo la kupendeza kwenye picha, lakini mkoba mmoja hauwezi kulipia msimamizi, mafunzo na usafiri. Ikabidi shirika liegemee zaidi kwenye taasisi zenye watu mashinani tayari. Nchini Bangladesh lilishirikiana na BRAC tangu 2006, ambayo wahudumu wake wa afya walikuwa tayari wakipita nyumba hadi nyumba; kuongeza miwani mkobani hakukuhitaji safari mpya. Shirika hilo limefika pia Kenya.

(Wasomaji wanaofuatilia biashara za Marekani huenda wakakumbuka kampuni ya Warby Parker, iliyoanza mwaka 2010 na kutangaza kwamba kila jozi inayouzwa huandamana na nyingine kwa mhitaji. Mmoja wa waanzilishi wake, Neil Blumenthal, alikuwa amefanya kazi VisionSpring. Mteja wa New York ndiye aliyefanywa kulipia mwendo wa mteja wa kijijini.)

Mjerumani Martin Aufmuth, mwalimu wa hisabati na fizikia, alishika njia nyingine. Mwaka 2012 alianzisha shirika ambalo jina lake kwa Kijerumani humaanisha miwani ya dola moja. Fremu yake ni waya wa chuma unaopindwa kwa mkono kwenye kifaa kidogo kisichohitaji umeme, na lenzi hubanwa humo papo hapo. Vifaa vya jozi moja hugharimu takriban dola 1, na bei ya kuuzia hukusudiwa isizidi ujira wa siku mbili au tatu wa mahali husika. Malawi na Burkina Faso ni kati ya nchi ambako mpango huo umekita mizizi, na Kenya imo katika orodha yake. Uzuri wa kifaa hicho ni kwamba kiwanda chenyewe husafiri: fundi hubeba sanduku, hupima, hupinda na kuvisha siku hiyo hiyo, na mteja harudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna pia Lapaire, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2018 kwa juhudi za Jérôme Lapaire kabla ya kujitanua hadi Uganda na nchi za Afrika Magharibi. Hii haijifichi kuwa biashara. Hupima bila malipo, huuza kwa bei iliyo chini ya maduka ya kifahari na huruhusu malipo ya awamu. Mteja wake ni yule wa katikati: mwalimu, karani, dereva, mtu mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika. Huko Kiandutu, mahali ambapo ujira wenyewe hauna uhakika, malipo ya awamu huweza kugeuka deni jingine.

Hata mabepari wakubwa wamo. EssilorLuxottica, kampuni iliyozaliwa mwaka 2018 kwa muungano wa mtengenezaji mkuu wa lenzi duniani na mtengenezaji mkuu wa fremu, inao mpango wa kuwafunza vijana kupima macho na kuendesha vibanda vya miwani katika maeneo yasiyo na huduma. Nchini Kenya mpango huo umeitwa Eye Rafiki. Hakuna sababu ya kuuonea haya kwa kuwa una nia ya kibiashara, wala hakuna sababu ya kuudhania kuwa sadaka. Kampuni inayouza lenzi inatafuta wanunuzi wa lenzi wa kesho.

Je, miwani hiyo huleta chochote mfukoni? Kwa miaka mingi mashirika haya yalijitetea kwa visa vya mtu mmoja mmoja. Ushahidi wa kisayansi ulikuja baadaye. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha jaribio lililofanywa kwa wachumaji chai 751 wa jimbo la Assam, India, wote wakiwa na umri wa miaka 40 au zaidi. Nusu yao walipewa miwani ya karibu mara moja, nusu nyingine ikangoja hadi mwisho wa utafiti. Waliovaa miwani waliongeza uzito wa majani waliyochuma kuliko wenzao kwa tofauti ya takriban asilimia 22, na kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kiambu ina chai yake upande wa Limuru na Gatundu, na yeyote aliyewahi kuchuma anajua kwamba kazi hiyo ni ya majani mawili na chipukizi, si ya kung'oa ovyo.

Kuna takwimu nyingine katika jaribio hilo ambayo hutajwa mara chache. Gharama ya miwani pamoja na kumfikishia mchumaji ilikuwa takriban dola 10. Ikiwa jozi yenyewe ni ya bei ndogo, basi sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mwendo.

Jaribio la pili, lililochapishwa Aprili 2024, lilifanywa vijijini Bangladesh kwa watu 824 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65: mafundi cherehani, wakulima, wauza maduka na wengineo. Kipato cha kati cha kila kundi kilikuwa dola 35.30 kwa mwezi. Baada ya miezi minane, waliopewa miwani walifikia dola 47.10, na wasiopewa walibaki pale pale. Tofauti ya asilimia 33. Msomaji makini atataka kujua kwamba BRAC na VisionSpring walishiriki katika utafiti huo, yaani wagawaji wa miwani walikuwa na hamu ya matokeo. Hilo halibatilishi hesabu, kwani washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, lakini ni vyema kulijua. Isitoshe, Bangladesh si Thika. Fundi anayeshona nguo nyingi zaidi Ngoingwa bado anahitaji mtu wa kuzinunua, na mitumba iko sokoni.

Basi kwa nini miwani hiyo isitolewe bure na kumaliza shauri? Jambo hilo limejaribiwa sana. Makanisa na vilabu vya hisani katika nchi tajiri vimekusanya miwani iliyotumika na kuisafirisha Afrika kwa magunia. Watafiti waliochunguza shehena za aina hiyo mwaka 2012 waligundua kwamba ni asilimia 7 tu ya jozi zilizokusanywa zilizofaa kutumika. Nyingine zilikuwa na mikwaruzo, zimevunjika, au zina vipimo visivyomfaa mtu mwingine yeyote. Gharama ya kupanga, kuosha na kusafirisha ilizidi ile ya kununua jozi mpya. Wakenya wanajua faida ya mitumba, lakini jicho la mtu halivaliki kama koti.

Utoaji wa bure wa miwani mpya una tatizo lake pia. Katika jaribio moja kubwa kwenye shule 252 za vijijini nchini China, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2014, watoto waliopewa miwani bila malipo walifanya vyema zaidi katika hisabati. Lakini watafiti walipofika darasani bila kutoa taarifa, ni asilimia 41 tu ya watoto hao waliokuwa wameivaa. Waliobaki waliiacha nyumbani, au waliogopa kuchekwa, au wazazi wao waliamini kwamba miwani hudhoofisha macho.

Imani hiyo iko Kenya pia, na inafaa kusemwa wazi kwamba haina msingi. Miwani iliyopimwa sawasawa haizoeshi jicho uvivu wala kulifanya bovu zaidi. Jicho la mtoto hubadilika kwa kuwa mtoto anakua, na jicho la mzee hubadilika kwa kuwa lenzi yake inaendelea kukakamaa, iwe amevaa miwani au hajavaa.

Kenya yenyewe imechangia somo muhimu kuhusu watoto. Katika kaunti ya Trans Nzoia, walimu wa shule 50 walihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, likiongozwa na mtaalamu wa macho Hillary Rono wa Kitale. Katika baadhi ya shule walimu walipima kwa kadi ya kawaida. Katika nyingine walitumia programu ya simu iitwayo Peek, ambayo awali ilifanyiwa majaribio Nakuru chini ya daktari Andrew Bastawrous. Simu haikupima tu. Ilitoa picha ya kumwonyesha mzazi jinsi mtoto wake anavyouona ubao, na mzazi akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha kwenda hospitalini. Katika kundi la simu, asilimia 54 ya watoto waliotumwa hospitalini walifika. Katika kundi la kadi walifika asilimia 22. Mzazi ambaye hajawahi kuona ukungu huo hawezi kuukadiria. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mara nyingine huonyeshwa.

Na hapa ndipo udhaifu wa biashara ya kijamii unapojitokeza. Faida, hata ikiwa ndogo, iko kwenye jozi za kusomea za watu wazima: nyingi, za bei nafuu, zisizohitaji maabara. Mtoto wa Kiandutu mwenye kipimo cha 4.50 upande mmoja na 3.00 upande mwingine hana faida kwa yeyote. Anahitaji mpimaji aliyesomea kazi hiyo, mara nyingi matone ya kulegeza msuli wa jicho kabla ya kupimwa, lenzi za kuchongwa, na jozi nyingine baada ya mwaka au miaka miwili atakapokuwa amekua au ameivunja akicheza. Hesabu hiyo haikubali bila serikali, au bila mteja tajiri kumlipia. Hospitali za Aravind nchini India, zilizoanza mwaka 1976 mjini Madurai zikiwa na vitanda 11, zimeonyesha kwamba wagonjwa wenye uwezo wanaweza kulipa kiasi cha kuwatibu wasio nacho. Lakini Aravind inahudumia umati mkubwa ambao hospitali chache za Kenya zinaweza kuufikia.

Udhaifu wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa hauonekani. Mtu wa miaka 50 anayesema haoni vizuri huenda ana macho ya umri tu. Huenda pia ana mtoto wa jicho, ambao hutibiwa kwa upasuaji, au kisukari kilichoanza kuharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Huenda ana glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho polepole na bila maumivu, ukianza kingoni na kuacha sehemu ya katikati mwishoni. Mgonjwa wa glakoma aliyeuziwa miwani ya kusomea kando ya barabara atasoma Biblia au Kurani yake vizuri, atashukuru, na atakwenda zake. Kinachopotea hakirudi.

Kwa sababu hiyo, tofauti kati ya muuzaji mzuri wa miwani nafuu na mbaya haimo katika ubora wa fremu. Imo katika idadi ya watu anaowakatalia. Yule anayepima kwanza uwezo wa kuona mbali, anayeuliza kuhusu kisukari na kuhusu ndugu waliopofuka, na anayemwandikia mtu barua ya kwenda Thika Level 5 badala ya kumuuzia, anapoteza mauzo ya siku hiyo. Anayeuza kwa kila anayesimama mbele ya meza yake hapotezi. Shirika linalowalipa wauzaji wake kwa kila jozi linapaswa kulifikiria sana jambo hilo.

Kwa mnunuzi, mambo machache yanatosha. Miwani ya karibu ijaribiwe kwa umbali wa kazi yenyewe: fundi wa saa na fundi wa nguo hawakai umbali mmoja na kazi zao, na mwashi hahitaji nguvu anayohitaji msomaji. Achague nguvu ndogo inayomwezesha kuona, si ile kubwa inayofanya herufi zivimbe. Nguvu isiyofaa huleta maumivu ya kichwa na uchovu, ingawa haiharibu jicho la mtu mzima. Ikiwa jicho moja linaona vizuri kuliko jingine, au kuna miale ya mwanga, maumivu, wekundu au kivuli, basi meza ya barabarani si mahali pake.

Rwanda ilijaribu kuliweka jambo hili mikononi mwa serikali. Kwa msaada wa shirika la Vision for a Nation, lililoasisiwa na mfanyabiashara James Chen wa Hong Kong, wauguzi wa vituo vya afya vya nchi nzima walipewa mafunzo ya siku chache ya kupima macho na kutoa miwani ya kusomea kwa bei ndogo, na walioonekana kuwa na magonjwa walitumwa hospitalini. Kazi hiyo ilikabidhiwa wizara ya afya. Mpimaji na aliyetuma rufaa walikuwa mtu yule yule, na mshahara wake haukutegemea mauzo.

Nchini Kenya huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, na macho yamekuwa yakishindana na malaria, uzazi na mishahara. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa wanachama wa WHO wakati mkutano wa Mei 2021 ulipoweka lengo la kuongeza kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha wanaohitaji miwani wanaoipata ifikapo 2030. Julai mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio kuhusu uoni kwa wote. Mei 2024 WHO ilizindua mpango uitwao SPECS 2030 kuzisaidia nchi kutimiza lengo hilo.

Njia ya kufika mlangoni mwa fundi ipo tayari, angalau kwenye karatasi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye vifaa kama vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mtu huyo anayegonga milango ya Ngoingwa na Kiandutu ni sawa na yule wa BRAC aliyetiliwa miwani mkobani. Jozi kumi na kadi ya maandishi havizidi uzito wa kipimo cha damu, na swali kuhusu sukari, ambalo mwenye kuuza miwani anapaswa kuliuliza, yeye tayari analiuliza.

Fundi anayenunua jozi yake ya kwanza ya 1.00 akiwa na umri wa miaka 43 atahitaji takriban 2.00 akikaribia 50, na 2.50 akifika 60, bila kuhesabu zile atakazokalia kwenye matatu au atakazochukuliwa na mjukuu. Hizo ni jozi tano au sita katika maisha ya kazi, na kila mara inafaa mtu aangalie pia nyuma ya jicho. Hema linalowekwa katika uwanja wa kanisa Jumamosi moja huuza ile ya kwanza na kung'olewa jioni. Ile ya pili atainunua kwa nani?